Kuta Kavu za Mtaa wa Shukrani

"Nasema ukuta wako umenipiga, Siwatu! Umenipiga mimi, mke wa mtu!"

"Wangu? Na wako uko wapi?"

"Huo huo ndio wako!"

Bi Siwatu alikuwa barazani kwake anachambua mchele, ungo mapajani, na wala hakuinua macho. Jirani yake Nyamizi alikuwa amesimama baraza ya pili, mkono wa kulia ameubeba kwa wa kushoto kama mtu aliyepakata kichanga, na unga wa ugali umemtapakaa mpaka kwenye nyusi. Nyumba zao zilikuwa pacha: paa moja, ukuta mmoja katikati, milango miwili iliyotazama njia. Nyamizi alikuwa wa bara, Siwatu wa pwani, na tangu wahamie hapo walikuwa wakitaniana asubuhi, wakigombana mchana, na jioni wakisengenya mtaa mzima kwa pamoja bila kumbagua mtu.

"Ukuta una pande mbili, shoga," alisema Siwatu. "Umeegemea upande gani?"

"Wa kwangu."

"Basi umepigwa na ukuta wako. Nenda kaushtaki."

"Umeme umetoka kwako! Mimi nimezima taa zote, hata redio nimeing'oa. Wewe ndiye uliyewasha pasi, ukauchokoza. Nimeegemea tu nisonge ugali, huo! Umenirusha, mwiko umetua uani, kuku wamekimbia."

"Ugali wenyewe ule mnaoufanya tofali ninyi wa bara? Labda ukuta umemwona ndugu yake, umekuja kumkumbatia."

Watu walikwisha kutoka nje kusikiliza. Nyamizi akataka kukasirika, kicheko kikamshinda, akakaa chini kwenye ngazi huku anausugua mkono.

"Haya, wali unaiva," alisema Siwatu. "Njoo ule."

"Naja. Lakini ndara zangu sivui."

Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipokuwa. Kwa Siwatu hakuingii kiatu. Kwa mama yake hakukuingia kiatu, kwa bibi yake hakukuingia kiatu, na hata mfalme angekuja angeviacha kizingitini, akaukanyaga mkeka kwa nyayo zake kama alivyozaliwa.

"Mkeka wangu hauingiwi na ndara, Nyamizi."

"Na mimi nyumba hii siiingii peku. Bora kuta zenyewe zingekuwa zinang'ata mchana tu, nikajua saa ya kuja."

"Basi kaa na njaa."

"Nipitishie dirishani."

Siwatu akampitishia sahani dirishani, na moyo ukamuuma kuliko alivyoonyesha. Kwenye kitongoji cha zamani, kabla tingatinga halijapita, nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti lakini haikuwahi kulala watu wachache. Aliyekuja kuomba chumvi alikaa mpaka magharibi. Vicheko vilitoka nje vikamvuta mpita njia. Sasa ana nyumba ya matofali, ina swichi kila chumba, na wageni wanamsalimia kutoka njiani, mikono nyuma, kama watu wanaotazama mamba.

*

Ni haki msomaji aelezwe kuta hizi zilianzaje kung'ata, asije akadhani labda zilijengwa vibaya.

Nchi hiyo ilikuwa na Mkuu aliyependa sana kuwasha. Mabwawa aliyawasha, viwanda aliviwasha, na hata kisima cha kamba na ndoo kiliwahi kuwekewa swichi ukutani ili apate cha kubonyeza. Kidole chake cha shahada kiliitwa Kidole cha Taifa. Kilikuwa na mlinzi wake, gari lake, na picha yake kwenye madaftari ya shule. Wajenzi wa nchi nyingine huezeka nyumba, wakaikausha, ndipo wakapitisha nyaya. Huku walifanya kinyume, kwa sababu nzuri tu: paa halibonyezwi. Kila nyumba ya serikali ilipitishwa nyaya kwanza, ikawashwa na Kidole, halafu ndipo ikafikiriwa mambo madogo madogo kama bati.

Mtaa wa Shukrani ulipangwa kuwashwa kiangazi. Bahati mbaya fedha za ujenzi zilichelewa, maana zilikuwa zimesafiri nje kwa matibabu. Kuta ziliposimama, masika yalikuwa yamekwisha piga hodi. Washauri wakamwendea Mkuu wakitetemeka, wakamwomba asogeze sherehe.

"Kati yangu na masika," aliuliza Mkuu, "nani alichaguliwa?"

Bunge likakutana siku hiyohiyo kupitisha Sheria ya Kuahirisha Masika. Mbunge mmoja aliuliza mawingu yaliyo juu ya jengo yafanywe nini, akajibiwa kwamba mawingu ni sekta binafsi. Kura zikapigwa, ndiyo zikashinda kwa kishindo, na waheshimiwa wakatoka nje wakaloa mpaka kwenye soksi huku wakipongezana.

Ikaundwa wizara pia, Wizara ya Nuru na Ukavu, akapewa Profesa Kilimba, mtu mpole mwenye sauti ya kulaza watoto. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia wananchi kusema vizuri. Neno mvua lilistaafishwa kwa heshima zote. Redio ikawa inatangaza "ubaridi wa kimaendeleo". Mwavuli ukapigwa marufuku, kwa kuwa kuufungua ni kutoa tuhuma. Mitaani watu wakaanza kusema "yule mgeni": mgeni kaja, mgeni kashinda kwetu, mgeni kamwagia nguo zangu kambani, mwanaharamu yule.

Kazi ya nyaya alipewa Fundi Mabruki, mchekeshaji mmoja aliyekuwa akipiga picha za harusi mpaka dada yake alipoolewa na Profesa Kilimba. Mabruki alichimba mifereji kwenye kuta, akalaza paipu, akapitisha nyaya. Paipu zilisimama midomo wazi juu ya kuta zisizo na paa, kama vifaranga wanaongoja kulishwa, na yule mgeni akawa anazilisha kila siku. Maji yakateremka humo mpaka kwenye visanduku vya swichi, yakatuama. Siwatu, aliyekuwa akija kuitazama nyumba yake ikiota, alimwona Mabruki akikomba maji kwenye kisanduku kwa kijiko cha chai.

"Fundi, hayo si maji?"

"Mama, sheria gani inayosema ni maji?"

"Na waya wa kwenda ardhini uko wapi? Marehemu mume wangu alikuwa kibarua wa umeme, alikuwa anachimbia fimbo ya shaba."

"Umefutwa. Wizara imesema Nuru ya Taifa haizikwi."

Akaziba kila kitu kwa plasta mbichi. Juu ya plasta akapaka rangi ya mafuta, nzito, inayong'aa, isiyopitisha hata pumzi, na maji yaliyokuwa ndani yakapewa makazi ya kudumu kabla ya wananchi.

*

Siku ya kuwasha, mgeni alikuja tangu alfajiri, na hakuja mikono mitupu. Wananchi walipangwa kwenye matope, vichwa wazi, wakiambiwa watabasamu kikavu. Bendi ilipiga matarumbeta yanayobwabwaja. Mkuu alifika amevaa suti, glavu nene nyeusi, na gambuti za mpira zilizomfika magotini.

"Gambuti za nini?" Siwatu alimnong'oneza mwanamke mnene aliyesukumana naye kugombea nafasi ya mbele. Hapo ndipo alipokutana na Nyamizi kwa mara ya kwanza.

"Itifaki," alijibu Nyamizi. "Wakubwa wana itifaki, sisi tuna fangasi."

Mkuu alipanda jukwaani. "Ndugu wananchi," alisema, huku matone yakimdondoka puani, "wako wasioitakia mema nchi yetu, wanaodai kwamba hali ya hewa iko juu ya serikali. Leo watazame wenyewe! Nani hapa ameloa?"

Umati ulichuruzika tu.

"Hakuna!" alijijibu Mkuu, na Kidole kikabonyeza. Taa zikawaka kwenye nyumba zisizo na paa, zikaangaza michirizi ya fedha iliyokuwa ikianguka ndani ya vyumba. Ilipendeza, kusema kweli. Siwatu alilia. Alijiona ameketi chini ya taa ile na watu wake wote, sinia katikati, na hakuna anayekwenda kwao.

*

Paa lilipokuja, na watu wakahamia, kuta nazo zikaanza kusalimia. Kwanza kidogo kidogo: ukipangusa vumbi unahisi sisimizi wanakimbia kiganjani. Halafu bomba la maji likawa linatekenya. Halafu mtoto wa nyumba ya kona akarushwa kutoka mlangoni mpaka kitandani, na baba yake akasema angalau amefika alikokuwa anakwenda.

Wakazi wakapeleka malalamiko wizarani. Wizara ikasikitika sana kwamba wananchi wamepewa umeme kwa swichi na sasa wanalalamika kuupata hata ukutani, bila nyongeza yoyote ya bei. Hata hivyo, kwa kuwa ni serikali sikivu, ilimtuma Mkaguzi wa Ukavu, na mkaguzi mwenyewe alikuwa Fundi Mabruki. Alikuja na muhuri mkubwa wenye neno KAVU, akapita akiugonga kwenye kila ukuta. Kwa Siwatu aliugonga mara ya kwanza, wino ukachuruzika mpaka sakafuni. Akaugonga tena, ukachuruzika tena.

"Wino wenu mwepesi," alisema Siwatu.

"Ukuta wako mkaidi," alisema Mabruki, na akaugongea muhuri mlangoni, kwenye mbao.

Alipomaliza kukagua alitandika turubai kwenye mlango wa mtaa, akaanza kuuza ndara za mpira za soli nene. Zilikwisha mpaka zile za watoto. Tangu hapo Mtaa wa Shukrani ukawa unatembea, unapika, unaoga na ndara miguuni, na kuswali ndara zikiwa kando, na watu wakajifunza kupita katikati ya vyumba vyao wamejikunja, viwiko vimebanwa, kama waliomo ndani ya duka la vyombo vya udongo la mtu mkali. Kwa Siwatu pekee sheria ya mkeka haikubadilika, na ndiyo maana kwake pekee hakukuingia mtu.

"Utakufa na mkeka wako," Nyamizi alikuwa akimwambia kutoka dirishani, mdomo umejaa wali.

"Nitakufa na heshima zangu. Wewe utakufa na ndara."

"Mimi sifi. Nikifa nani atakula hivi viporo vyako?"

*

Ndipo Profesa Kilimba akazungumza redioni, mchana, wakati watu wengi wako majikoni.

"Imetufikia habari ya kusikitisha," alisema kwa ile sauti ya kulaza watoto, "kwamba baadhi ya wakazi wanavaa mpira wakiwa ndani ya nyumba walizopewa. Ndugu zangu, mpira ni uoga, na uoga ni kashfa. Kuta za Mtaa wa Shukrani zimepimwa na zimeonekana kuwa kavu kuliko kuta zote za ukanda huu. Mtu anaweza kulaza shavu ukutani. Kuanzia leo, atakayeonekana na ndara ndani ya nyumba atahesabiwa kuwa ameirudisha."

Na watu wa mtaa ule hawakuwa na pa kurudi. Walikotoka kulikuwa kumekwisha kuwa uwanja wa helikopta ya Kidole.

Siwatu alizima redio. Nisiseme uongo: alifurahi. Alikuwa mtu mzima, alikuwa amemwona Mabruki na kijiko chake, na mwili wake wenyewe ulikuwa umekwisha onja ukuta ule mara nyingi. Lakini upweke hufanya watu waamini redio. Alipiga deki nyumba nzima, akatandika mkeka mpya, akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akasimama barazani na kuita kwa sauti ambayo mtaa haukuisikia tangu kuhama.

"Nyamizi! Wewe Nyamizi! Umesikia redio?"

"Nimesikia. Nimelazwa shavu."

"Basi leo huna kisingizio. Vua hizo, uingie kama mtu. Nimechoka kulisha mkono dirishani kama nafuga nyani."

Nyamizi alikuja mpaka kizingitini. Alitazama sakafu iliyokuwa bado inang'aa kwa unyevu wa deki. Alimtazama Siwatu, aliyevaa leso mpya na kujitia manukato kama anapokea wakwe.

"Siwatu, mwenzangu. Kweli?"

"Waziri kasema."

"Waziri simjui. Nakuuliza wewe."

"Vua, Nyamizi. Chakula kinapoa."

Akavua. Aliziweka ndara zake sambamba kizingitini, vizuri, vidole vikitazama nje, kama mtu anayetaka kuzipata upesi wakati wa kuondoka. Akaingia akichezesha mabega, akisema nyayo zake zimesahau sakafu, akisema harufu hiyo itamfanya amwache mume wake Lutonja ahamie huku moja kwa moja. Akaenda kwenye karo kunawa. Mkono wa kushoto alishika ukuta. Wa kulia ukafungua bomba.

Hakupiga kelele. Ni kitu hicho ambacho Siwatu hakukielewa mpaka baadaye: mtu aliyepiga kelele siku zote kwa kila kitu, kwa kuku, kwa chumvi kuzidi, kwa mjusi, siku hiyo hakusema neno.

*

Kamati ya uchunguzi iliketi hotelini, mbali na kuta zinazohusika, na haikukawia. Iligundua kwamba marehemu alifariki kwa furaha iliyopita kiasi, hali inayowapata watu wa kipato kidogo wanapopewa nyumba bila kuandaliwa kisaikolojia. Ilipendekeza zawadi zijazo zitolewe polepole. Fundi Mabruki alipandishwa cheo kwa kuufikisha mwili hospitali kwa gari lake mwenyewe, ingawa alikuwa amekuja na mashuka mawili ya kuwauzia wafiwa kama sanda.

Lutonja, mume wa marehemu, alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya msiba. Aliposomewa ripoti aliuliza jambo moja.

"Kwani alicheka?"

Hawakuwa wamechunguza hilo.

Nuru ya Taifa haizikwi, lakini Nyamizi alizikwa, kwenye udongo uliojaa maji hata kaburi likabidi likombwe kwa ndoo kwanza, na askari wawili waliosimama pale walihakikisha hakuna anayeuliza maji yametoka wapi.

Msiba uliwekwa kwa Siwatu, kwa kuwa aliomba mwenyewe. Nyumba yake ikajaa mwishowe. Yaani uwanja wa nyumba ulijaa: watu walikaa nje kwenye mikeka na magunia, wake kwa waume, wakinong'ona. Ndani hakuingia mtu. Siwatu hakula na hakulala. Ndara za Nyamizi alikataa ziondolewe kizingitini, na kila aliyetaka kumfariji aliambiwa kitu kilekile.

"Aliniuliza mimi, shoga. Hakuuliza redio. Aliniuliza mimi."

Lutonja alikuja akakaa karibu naye. "Shemeji," alisema, "yeye alikuwa anapenda chakula chako." Basi. Akainuka akaenda kukaa na wanaume.

*

Ilipofika siku ya kuanua matanga, Profesa Kilimba akatangaza kwamba atafika mwenyewe kutoa pole. Akaja na kamera, na bendi ndogo, na Mabruki mwenye muhuri wake. Mbingu ilikuwa nyeusi tangu asubuhi. Alisimama mbele ya baraza, suti ya kijivu, na chini ya suti gambuti za mpira.

"Ndugu wafiwa," alisema, "dada yetu ametutangulia akiwa na furaha. Wangapi kati yetu tutajaliwa hivyo? Wako maadui ambao tayari wanaupaka matope ukuta huu usio na hatia. Mimi nawaambia, na kamera zinirekodi: ukuta huu ni mkavu. Ningekuwa na nafasi ningelala humu mwenyewe."

Mabruki akapiga makofi. Wafiwa hawakupiga.

Hapo mgeni akaja. Hakuanza na matone, alikuja na furushi lote kwa mkupuo mmoja. Maji yalimpiga Waziri kwenye upara, yakamshuka shingoni, yakaingia kwenye gambuti. Msaidizi wake akaushika mwavuli aliokuwa ameuficha ndani ya koti, kisha akakumbuka sheria, akaurudisha. Waziri alitazama huku na huku. Gari lake lilikuwa limeachwa mwisho wa njia, nalo lilikwisha zama mpaka nusu ya magurudumu. Wafiwa walikaa walipokuwa, wanamtazama, wanaloa bila kusogea. Bendi ilikuwa imejibanza ukutani, na mpiga tarumbeta akaruka ghafla akatua kwenye tope, na shaba yake ikalia yenyewe.

Ndipo pazia la mlango likafunguka. Siwatu alisimama kizingitini amejifunga kaniki, miguu peku juu ya kizingiti cha mbao. Nyuma yake sakafu ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu, inang'aa kama kioo. Mkeka ulikuwa umetandikwa, sinia la wali wa nazi linafuka moshi, samaki wa kupaka juu yake, na pembeni, kwenye karo, bomba lilikuwa linadondosha tone moja moja.

"Mheshimiwa," alisema, na uwanja mzima ukasikia. "Umetoka mbali kuja kutupa pole. Kwetu aliyekuja msibani haondoki na njaa."

"Ahsante sana, mama, ahsante. Kwa kweli ratiba yangu—"

"Kamera ziko tayari, Mheshimiwa," alisema mpiga picha, kijana wa watu, kwa nia njema kabisa.

Profesa Kilimba akatabasamu. Akapanda ngazi ya kwanza, akapanda ya pili, gambuti zikilia maji ndani. Alifika kizingitini na kuinua mguu. Siwatu akaunyoosha mkono mbele yake, taratibu, kwa adabu, akimwonyesha chini pale zilipokuwa ndara za Nyamizi, sambamba, vidole vikitazama nje, na kando yake nafasi tupu ya kutosha jozi moja.

Lutonja akainuka kwenye mvua. Watu wote wakainuka.

"Karibu ndani, baba," alisema Siwatu. "Vua viatu, unawe mikono, ule. Chakula kinapoa."